Kukata mkia au kufunga mafungu: njia ipi uchague kupima namba kubwa

Iandike namba hii kwenye karatasi: 259,925,746,318. Ina tarakimu kumi na mbili. Swali ni moja: inagawanyika kwa 7 bila baki?

Jioni moja niliwapa wanafunzi wangu wa darasa la saba namba hii hii. Wengi walikimbilia kanuni waliyoikariri: kata tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 2, itoe kwenye namba iliyosalia, rudia mpaka ufikie namba unayoijua. Msichana mmoja hakukumbuka kanuni yoyote, akagawanya kwa njia ndefu. Walimaliza karibu pamoja. Ila wenzake walikuwa na neno moja tu, "inagawanyika", na yeye alikuwa na jawabu zima: 37,132,249,474. Mmoja wa wale waliokata mkia akaniuliza, "Sasa mwalimu, kanuni imetusaidia nini?"

Swali lake lilikuwa la haki, na sikutaka kumjibu kijuujuu. Kanuni za kugawanyika hufundishwa kama orodha ya kukariri: ya 2 hii hapa, ya 3 hii hapa, ya 7 ile ngumu. Mara chache mtoto huambiwa kwamba kigawo kimoja kinaweza kuwa na kanuni tatu au nne, kwamba kanuni hizo hazilingani kwa kasi, na kwamba baadhi yake hukupa baki ilhali nyingine huipoteza njiani. Basi nimezipambanisha hapa kwa namba moja, ile ile ya juu, ili ukikaa na mwanao jioni, au ukijiandaa na mtihani usioruhusu kikokotoo, ujue uchukue ipi na uache ipi.

## Zisizo na mjadala mkubwa

Kwa 2, 5 na 10 tunatazama tarakimu ya mwisho. Kwa 4 tunatazama mbili za mwisho, kwa 8 tatu za mwisho. Sababu ni moja: 100 ni kigawe cha 4, na 1,000 ni kigawe cha 8, kwa hiyo chochote kilicho kushoto kimekwisha kugawanyika chenyewe. Namba yetu inaishia na 18. Kumi na nane haigawanyiki kwa 4, basi na namba nzima haigawanyiki kwa 4.

Kwenye 8 kuna nafasi ndogo ya kuchagua. Unaweza kuzichukua tatu za mwisho, 318, ukazigawanya kwa 8. Mimi napenda njia nyingine: tazama tarakimu ya mamia. Ikiwa ni shufwa, isahau, pima mbili za mwisho peke yake. Ikiwa ni witiri, ongeza 4 kwenye zile mbili za mwisho. Katika 318 mamia ni 3, yaani witiri; 18 + 4 = 22; gawanya kwa 8, baki 6. Haigawanyiki, na baki ya namba nzima ni hiyo hiyo 6. Inawezekana kwa sababu 200 ni 8 mara 25, na 100 ni 96 na 4 juu yake. Mtoto asiyejua tebo ya nane kupita 8 × 12 huokolewa na njia hii.

## 3 na 9: kujumlisha au kutupa

Kila mtu anaijua ya kujumlisha tarakimu. Namba yetu: 2 + 5 + 9 + 9 + 2 + 5 + 7 + 4 + 6 + 3 + 1 + 8 = 61, kisha 6 + 1 = 7. Haigawanyiki kwa 3, haigawanyiki kwa 9, na ukiigawanya kwa 9 baki ni 7.

Njia ya pili ni kutupa tisa. Hujumlishi chote, unafuta kila 9 unayoiona na kila jozi inayotimiza 9. Futa 9 na 9. Futa 2 na 7, futa 5 na 4, futa 6 na 3, futa 1 na 8. Zimesalia 2 na 5, jumla 7. Jibu ni lile lile, na hakuna hata mahali ulipovuka kumi. Ukipima kwa 3 unafuta zaidi: kila 3, kila 6, kila 9, na kila jozi inayotimiza kigawe cha 3.

Kwa mtoto anayeanza, achague kujumlisha, kwa sababu anaona kila tarakimu imehesabiwa mara moja. Kwa aliyezoea, kutupa ni bora kwa mbali, hasa namba ikizidi tarakimu nane. Hatari ya kutupa ni kuifuta tarakimu moja mara mbili. Kata mstari juu ya kila unayoitupa.

Na kwa nini tarakimu zijumlishwe? Nawaeleza wanafunzi kwa fedha. Shilingi 1,000 wagawie watu tisa: kila mmoja anapata 111, inabaki shilingi 1. Shilingi 100 wagawie hao hao: kila mmoja 11, inabaki 1. Shilingi 10: kila mmoja 1, inabaki 1. Kila elfu, kila mia, kila kumi inaacha moja mezani. Basi 5,000 inaacha 5, na 700 inaacha 7. Tarakimu zenyewe ndizo zilizobaki mezani. Mtoto akilishika hili, kanuni nyingine zote zilizo hapa chini zinakuwa ndugu wa hiyo.

## 7: hapa ndipo uchaguzi ulipo

Nilisoma shule ambako 7 ilikuwa na kanuni moja tu, ile ya kutoa mara mbili, na kitabu tulichotumia hakikusema kwa nini inafanya kazi. Niliichukia kwa miaka. Leo naijua kuwa ni mojawapo ya njia kadhaa, na kwa namba kubwa si hata iliyo nzuri.

Tuianze hiyo hiyo. Namba yetu inaishia na 8. Mara mbili ni 16. 25,992,574,631 toa 16 ni 25,992,574,615. Inaishia na 5, mara mbili ni 10, tunapata 2,599,257,451. Tukiendelea: 259,925,743, kisha 25,992,568, kisha 2,599,240, 259,924, 25,984, 2,590, 259, na mwisho 25 toa 18 ni 7. Inagawanyika. Tumepiga hatua kumi. Kugawanya kwa njia ndefu kungekuwa hatua kumi na moja. Ndiyo maana yule msichana hakuachwa nyuma.

Inafanya kazi kwa sababu 21 ni kigawe cha 7. Chukua 203. Inaishia na 3, nasi tunatoa 21 mara 3, yaani 63. Zinabaki 140. Tumetoa kigawe cha 7, kwa hiyo kugawanyika hakujabadilika. Sasa sifuri ya mwisho tunaifuta, maana 10 haina uhusiano wowote na 7, na 14 inatosha kutupa jibu. Kukata mkia na kutoa mara mbili ni ufupisho wa kitendo hicho.

Mwenzake ni kujumlisha mara tano. Mwaka 2019 njia hii ilivuma kwa jina la Chika Ofili, kijana wa Kinigeria wa miaka 12 aliyekuwa akisoma London, ambaye aliigundua mwenyewe akiwa kwenye kazi za likizo. Kata tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 5, ijumlishe na iliyosalia. Kwa namba yetu: 25,992,574,631 + 40 = 25,992,574,671; kisha 2,599,257,472; 259,925,757; 25,992,610; 2,599,261; 259,931; 25,998; 2,639; 308; na mwisho 30 + 40 = 70. Inagawanyika. Hatua kumi vilevile.

Ukizitazama vizuri, hizi mbili ni pacha. Kutoa 2 na kuongeza 5 kunatofautiana kwa 7, na 7 hapa ni sawa na hakuna. Basi chagua kwa tabia yako. Mtoto anayechanganyikiwa akianza kukopa kwenye kutoa, mpe ya kujumlisha mara tano. Anayependa namba zipungue upesi, mpe ya kutoa mara mbili. Umwonye tu wa kujumlisha: asiendelee baada ya kufika chini ya 70, kwa sababu 49 inazaa 4 + 45, ambayo ni 49 tena, naye atazunguka hapo mpaka kengele ilie.

Njia ya tatu ndiyo ninayoichagua kwa namba kubwa. Zitazame koma. Zimekwisha kukukatia namba mafungu ya tatu tatu: 259, 925, 746, 318. Anza kulia, toa na jumlisha kwa kupokezana:

318 − 746 + 925 − 259 = 238.

Umemaliza. Sasa pima 238 tu: 23 toa 16 ni 7. Inagawanyika. Hatua kumi zimegeuka kuwa mstari mmoja. Siri yake ni 1,001, ambayo ni 7 × 11 × 13. Elfu moja imepungukiwa na moja kuufikia mzidisho huo, kwa hiyo kila ukivuka koma ishara inageuka, kutoa kunakuwa kujumlisha na kujumlisha kunakuwa kutoa. Ikitokea jumla imekuwa hasi, usiogope: pima ukubwa wake bila ishara kama unataka kujua inagawanyika au la.

Njia ya nne ni ya kale sana. Katika Talmud ya Babeli, mkusanyo wa kale wa sheria na mafundisho ya Kiyahudi, kuna maelekezo ya kujua mwaka uliopo ni wa ngapi katika mzunguko wa miaka saba: kwa kila karne nzima, chukua miaka miwili tu, jumlisha na miaka iliyozidi. Ni kwa sababu 100 ni 98 na 2 juu yake, na 98 ni 7 mara 14. Sisi tunaitumia kwa kuikata namba jozi jozi kuanzia kulia, kisha tunahesabu tukitoka kushoto: 25, 99, 25, 74, 63, 18. Ishirini na tano ina baki 4. Mara mbili ni 8, na 99 ni 107, baki 2. Mara mbili ni 4, na 25 ni 29, baki 1. Mara mbili ni 2, na 74 ni 76, baki 6. Mara mbili ni 12, na 63 ni 75, baki 5. Mara mbili ni 10, na 18 ni 28, baki 0. Hatua tano baada ya jozi ya kwanza, na kichwani ulibeba tarakimu moja tu kila wakati. Mtu akikusomea namba ndefu kwa simu na huna hata kalamu, hakuna njia ya karatasi inayoishinda hii.

Ipo na ya tano, ambayo Blaise Pascal, mwanahisabati wa Kifaransa, aliieleza katika andiko lililochapishwa mwaka 1665, baada ya kifo chake. Kila nafasi ina uzito wake: kuanzia mamoja kwenda kushoto ni 1, 3, 2, 6, 4, 5, kisha unarudia. Zidisha kila tarakimu kwa uzito wake, jumlisha. Kwa namba yetu inatoka 217, ambayo ni 7 mara 31. Uzito huo ni baki za 1, 10, 100, 1,000 na kuendelea, kila moja ikigawanywa kwa 7. Kwa kasi siipendekezi, maana ina mizidisho kumi na miwili na mpangilio wa kukariri. Lakini kwa mwanafunzi wa sekondari anayetaka kujua kanuni hizi zinatoka wapi, huyu ndiye mama yao. Kwa 9 uzito ni 1 kila mahali, ndiyo yale ya kujumlisha tarakimu. Kwa 11 ni 1 na hasi 1 kwa kupokezana. Kigawo chochote utakachopewa, unaweza kukitengenezea kanuni yake mwenyewe kwa kuandika baki za 1, 10, 100 mpaka zianze kujirudia.

Kwa hiyo, nikiulizwa nichague: tarakimu tatu au nne, kata mkia (1,603 kwa mfano: 160 − 6 = 154, kisha 15 − 8 = 7, tayari). Tarakimu tano hadi kumi na zaidi, funga mafungu. Bila karatasi, jozi. Na ukihitaji jawabu la kugawanya lenyewe, gawanya kama yule msichana, maana hakuna kanuni hapa inayokupa hilo.

## 11 na 13

Kwa 11 wengi tunafundishwa kujumlisha tarakimu moja na kutoa inayofuata. Kwa namba yetu, tukianza kulia: 8 − 1 + 3 − 6 + 4 − 7 + 5 − 2 + 9 − 9 + 5 − 2 = 7. Haigawanyiki.

Ila naona makosa mengi kwenye njia hii, na karibu yote ni ya ishara. Mtoto anaruka tarakimu moja, basi kila kilichofuata kimegeuka. Mwingine anaanza kushoto, na namba ikiwa na idadi shufwa ya tarakimu anapata hasi 7. Kwa swali la kugawanyika haina neno, lakini akiulizwa baki atajibu 4 badala ya 7.

Mbadala wake ni kujumlisha jozi, bila kutoa popote, kwa kuwa 99 ni 9 × 11. Kata kuanzia kulia: 25 + 99 + 25 + 74 + 63 + 18 = 304. Rudia: 3 + 04 = 7. Jibu ni lile, na hapakuwa na ishara ya kusahau. Tangu nilipohamia kwenye jozi, wanafunzi wangu wamepunguza makosa ya 11 kwa kiasi ninachokiona kwa macho. Kwa namba fupi ya tarakimu tatu bado ya zamani ni nyepesi: 385, ya kati ni 8, za pembeni ni 3 + 5 = 8, imekwisha.

Na 13? Kwa mkia unajumlisha mara nne. Lakini kama umekwisha kupata 238 kwa ajili ya 7, huhitaji kufanya chochote kipya. Ile 1,001 inazaa 7, 11 na 13 kwa pamoja, basi 238 inajibu zote tatu: kwa 7 baki 0, kwa 11 baki 7, sawa na tulivyopata, kwa 13, toa 234, baki 4. Hesabu moja imejibu maswali matatu.

(Jaribu pia kuandika namba yoyote ya tarakimu tatu mara mbili mfululizo, kama 526,526. Itagawanyika kwa 7, kwa 11 na kwa 13 daima, kwa sababu ni 526 × 1,001. Watoto hudhani ni mazingaombwe, na ni njia nzuri ya kuwafungulia somo.)

## Tasa kubwa zaidi: mkia unarudi na heshima yake

Nimeukosoa mkia kwenye 7, lakini kwenye 17, 19, 23 na 29 ndio silaha. Kugawanya kwa 7 ni rahisi kwa sababu tebo ya saba ipo kichwani. Nani ana tebo ya 23 kichwani? Kwa mkia huihitaji.

| Kigawo | Tarakimu ya mwisho uifanyeje |
|---|---|
| 13 | zidisha kwa 4, jumlisha |
| 17 | zidisha kwa 5, toa |
| 19 | zidisha kwa 2, jumlisha |
| 23 | zidisha kwa 7, jumlisha |
| 29 | zidisha kwa 3, jumlisha |
| 31 | zidisha kwa 3, toa |
| 41 | zidisha kwa 4, toa |

Usiikariri. Tafuta kigawe kinachoishia na 1 au 9. Kikiishia na 1, kata hiyo 1 na utoe: 17 × 3 = 51, basi toa mara 5. Kikiishia na 9, panda hadi kumi inayofuata na ujumlishe: 23 × 3 = 69, inapanda hadi 70, basi jumlisha mara 7.

Matumizi yake makubwa ni kwenye namba zinazojifanya tasa na kwenye kurahisisha sehemu. Tazama 1,387. Siyo shufwa, haiishii na 5, tarakimu zake zinajumlika kuwa 19, kwa hiyo 3 imekataa. Mtu angeapa kuwa ni tasa. Pima 19: 138 + 14 = 152; 15 + 4 = 19. Imenaswa, ni 19 × 73. Au mwanafunzi amepewa sehemu 391 juu ya 1,003 airahisishe, akatazama akasema haiwezekani. Kwa 17: 39 − 5 = 34, sawa. 100 − 15 = 85, sawa. Zote mbili zinagawanyika kwa 17, na sehemu inakuwa 23 juu ya 59.

Kwa namba ya tarakimu kumi na mbili, hata hapa mkia unachosha, na ni bora utumie jozi. Kwa 17, 100 imepungukiwa na 2 kufikia 102, ambayo ni 17 × 6. Basi badala ya kuongeza mara mbili ya baki unatoa mara mbili yake, ukitoka kushoto kama tulivyofanya kwa 7. Namba yetu ikipimwa hivyo inaacha baki 7.

Na 37 ni ya kipekee: usiikatie mkia kabisa. Kwa kuwa 999 ni 27 × 37, jumlisha mafungu ya tatu tatu bila kutoa: 259 + 925 + 746 + 318 = 2,248; kisha 2 + 248 = 250; toa 222, baki 28. Haigawanyiki. Jumla hiyo hiyo ya 250 inatumika kwa 27 pia, baki 7.

## Kuunganisha kanuni, na mtego wake

Kwa 6, 12, 15, 18 au 45 unaunganisha kanuni ndogo. Mtego ni kuchagua vigawo visivyofaa. Namba 18 inagawanyika kwa 2 na kwa 6, lakini haigawanyiki kwa 12. Namba 36 inagawanyika kwa 4 na kwa 6, lakini haigawanyiki kwa 24. Vigawo unavyounganisha visiwe na kigawo cha pamoja zaidi ya 1: kwa 12 tumia 3 na 4, kwa 24 tumia 3 na 8, kwa 18 tumia 2 na 9, kwa 45 tumia 5 na 9. Kosa hili huwapata hata watu wazima, kwa kuwa 2 × 6 ni 12 kweli, na jicho linaridhika hapo.

## Baki: swali linalobadilisha uchaguzi wote

Kama swali ni "inagawanyika au la", njia zote za juu ni halali. Swali likiwa "baki ni ngapi", mkia hauaminiki. Mfano mdogo: 100 kwa 7. Mkia: 10 toa 0 ni 10, baki 3. Lakini 100 ni 98 na 2. Baki halisi ni 2. Ule ufutaji wa sifuri, ambao haukudhuru kugawanyika, umeibadilisha baki. Kwa 7 unaweza kuirudisha kwa kuzidisha kwa 3 kwa kila mkia uliokatwa (3 × 3 = 9, baki 2, sawa), lakini baada ya mikia kumi nani atakumbuka? Kujumlisha tarakimu, mafungu, jozi na uzito wa Pascal zote huhifadhi baki. Mtihani ukiuliza siku gani ya wiki itakuwa baada ya siku 1,000, hilo ni swali la baki, na mkia hauna kazi hapo. Jozi zinajibu: 10, baki 3, mara mbili ni 6, na 00 ni 6. Siku sita mbele.

Kuhusu mashine, kikokotoo kidogo cha dukani chenye nafasi nane hakiwezi hata kuipokea namba yetu. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba. Zinazozidi huzigeuza sifuri, kwa hiyo namba ya tarakimu ishirini ukiiuliza inagawanyika kwa 7, utakuwa umeuliza kuhusu namba nyingine. Mafungu ya tatu tatu hayana ukomo huo.

## Kuhakiki hesabu: 9 au 11?

Mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, anayejulikana zaidi kama Fibonacci, alihakiki mizidisho yake kwa baki za 7, 9, 11 na 13, akifuata hesabu alizojifunza kwa Waarabu. Kwa sisi mbili zinatosha, 9 na 11, na inafaa kujua kila moja inaona nini.

Chukua 4,738 × 569 = 2,695,922. Kwa 9: ya kwanza ina baki 4, ya pili ina baki 2, zao lao ni 8, na tarakimu za jawabu zinajumlika kuwa 35, yaani 8. Imepita. Sasa tuseme mkono uliteleza ukaandika 2,659,922. Tarakimu ni zile zile, jumla ni 35 ile ile. Kutupa tisa hakuoni kosa. Pima kwa 11: 4,738 ina baki 8, 569 ina baki 8, zao ni 64, baki 9. Jawabu sahihi linatoa 9. Lile lililopinduliwa linatoa 1. Kosa limeonekana.

Basi kwa kuhakiki ninachagua 11, isipokuwa pale ambapo upofu wa 9 wenyewe unageuka kuwa dawa. Mhazini wa kikoba anafunga daftari, fedha mkononi na jumla iliyoandikwa zinapishana kwa shilingi 6,300. Ajumlishe tarakimu za tofauti hiyo: 6 + 3 = 9. Tofauti inagawanyika kwa 9, na tarakimu mbili zilizopinduliwa daima huacha tofauti ya namna hiyo. Tena 6,300 ni 900 × 7, na 900 ndiyo tofauti ya elfu moja na mia moja. Hana haja ya kupitia daftari zima. Atafute mstari ambao tarakimu ya maelfu na ya mamia zinapishana kwa 7, mahali ambapo 29,200 ya mwanachama imeandikwa 22,900.